Kuchagua Hoteli ya Bei ya Kati Ulaya: Mwongozo wa Safari Fupi kwa Mtu wa Lindi na Mtwara

Wengi wanaotoka huku kusini kwenda Ulaya hawaendi kukaa. Wanakwenda siku tatu, nne, wanarudi: mfanyabiashara wa korosho anayewahi maonyesho ya vyakula Köln, mchonga vinyago aliyealikwa na jumba la makumbusho, mwalimu wa Lindi aliyedunduliza ili akamwone kwa macho yake mjusi wa kale (dinosaria) wa Tendaguru kule Berlin. Safari ya namna hiyo haina nafasi ya kusahihisha makosa. Ukikaa wiki tatu, hoteli mbaya utaihama. Ukikaa siku tatu utaivumilia tu mpaka uondoke.

Kwa hiyo chagua kwa mpangilio huu: tarehe, stesheni, masharti ya kufuta buking, halafu chumba chenyewe. Picha ziangaliwe mwisho kabisa. Wanaoanza na picha ndio hujikuta wamelipia kitanda kizuri kilichoko mwisho wa reli.

Mfano wetu mkuu ni Berlin, kwa sababu mifupa iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 imesimamishwa huko, ndani ya jumba la makumbusho la Museum für Naturkunde, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Miji mingine tutaitaja pale inapotofautiana.

Tarehe kabla ya yote

Hoteli za Ulaya hazina bei moja iliyobandikwa ukutani, na mtu wa mapokezi hana ruhusa ya kupatana nawe. Bei ya chumba kilekile hupanda na kushuka kama ya ufuta mnadani, kutegemea wangapi wanakitaka usiku huo. Berlin, siku ya kawaida, chumba safi cha hoteli ya kati ni kama euro 80 hadi 140 kwa usiku. Kwa hadhi hiyohiyo Amsterdam au Paris, jiandae kwa 140 hadi 220. Praha mara nyingi iko chini kidogo ya Berlin.

Kinachovuruga hesabu hizo ni maonyesho na matamasha. Berlin ina Grüne Woche (kilimo na vyakula) Januari, Fruit Logistica (matunda na mboga) na tamasha la filamu Februari, ITB (utalii) Machi, IFA (vifaa vya umeme) mwanzoni mwa Septemba na marathoni mwishoni mwa mwezi huohuo. Köln ina Anuga, maonyesho ya vyakula, ambayo hufanyika Oktoba ya kila mwaka witiri, na Paris ina SIAL, ya vyakula pia, Oktoba ya kila mwaka shufwa. Watu wa korosho huumizwa zaidi na hizi mbili za mwisho: Oktoba ndiyo minada inaanza kuchangamka nyumbani, mtu hana uhakika kama ataondoka, na anapoamua, chumba cha euro 90 kimeshafika 250 au hakipo kabisa.

Dawa yake ni kubuku miezi sita kabla kwa bei inayofutika, yaani unayoweza kughairi bila kulipa, hata kama hujajua utakwenda. Ukichelewa, usihangaike na Köln yenyewe. Lala Bonn au Düsseldorf, kila mmoja uko kama nusu saa kwa treni, na stesheni ya Köln Messe/Deutz iko jirani na viwanja vya maonyesho. Panda treni moja kabla ya ile unayoihitaji, maana treni za Ujerumani siku hizi huchelewa kuliko sifa zake.

Siku za wiki nazo zina bei. Miji ya kazi kama Frankfurt, Brussels na Düsseldorf hushuka Ijumaa hadi Jumapili, wafanyabiashara wakisharudi makwao. Miji ya watalii kama Roma, Praha na Paris hufanya kinyume. Kama tarehe inasogezeka, jaribu safari hiyohiyo kuanzia Jumapili kisha kuanzia Alhamisi, ulinganishe jumla.

Stesheni kwanza, hoteli baadaye

Maneno “katikati ya mji” kwenye tangazo hayana maana kubwa, hasa Berlin. Mji ule una katikati kadhaa: Alexanderplatz, Potsdamer Platz, Friedrichstraße, eneo la Zoo. Hoteli inaweza kuwa kilomita mbili kutoka katikati na bado ikawa dakika 40 kutoka unakokwenda. Usipime kwa kilomita, pima kwa dakika.

Fungua Google Maps, weka anwani ya hoteli, chagua usafiri wa umma, na ubadilishe saa ya safari badala ya kuacha saa uliyonayo. Pima safari tatu. Ya kwanza ni kutoka hotelini hadi kwenye shughuli yako, ufike asubuhi ya siku ya kazi. Ya pili ni kurudi saa nne na nusu usiku. Ya tatu, ambayo karibu kila mtu huisahau, ni kutoka hotelini hadi uwanja wa ndege kwa saa halisi ya kuondoka. Ndege ya saa 12:30 asubuhi inataka uwe uwanjani saa 10:30 alfajiri, hivyo tazama kinachotembea saa 9:30 usiku. Berlin, treni za chini ya ardhi hukesha usiku wa kuamkia Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu. Usiku wa siku nyingine hubaki mabasi ya usiku, na yanazunguka.

Vipimo vyetu ni hivi: dakika 30 mlango hadi mlango, usibadilishe chombo zaidi ya mara moja, na kutoka stesheni hadi mlango wa hoteli isizidi mita 600. Mita 600 zinasikika chache hadi utakapoburuta sanduku la kilo 23 juu ya barabara ya mawe, Desemba, jua limezama kabla ya saa kumi alasiri. Bajaji ya kukuokoa haipo.

Kwa Berlin, ramani imegawanywa kanda tatu za nauli. A ni ndani ya duara la reli linalozungukwa na treni S41 na S42, B ni hadi mpaka wa mji, na C ni nje ya mji, pamoja na uwanja wa ndege wa BER. Tafuta hoteli ndani ya duara. Anayekwenda kwa mjusi ana bahati: jumba liko kando ya kituo cha Naturkundemuseum kwenye njia ya U6, na kutoka stesheni kuu ya Hauptbahnhof ni kama robo saa kwa miguu, au panda tramu M5, M8 au M10. Na Hauptbahnhof inafikiwa kwa treni moja kwa moja kutoka BER. Hoteli yoyote ya heshima kati ya Hauptbahnhof, Nordbahnhof na Friedrichstraße inatosha. Bei zikikushinda, panda U6 kuelekea kaskazini hadi mtaa wa Wedding: vituo vitatu tu kutoka jumbani, vyumba vya bei nafuu, na chakula cha halali kila kona kwa sababu ya Waturuki na Waarabu wengi wanaoishi pale. Mtaa hauna mapambo, lakini kwa safari ya siku tatu tungeuchagua kabla ya hoteli nzuri iliyoko kanda C. Halafu usipange siku yako ya jumba iwe Jumatatu, linafungwa.

Hoteli za Berlin zenye jina la mji likifuatiwa na neno la uwanja wa ndege huwa Schönefeld, uliko uwanja wa BER, nje kabisa. Zinafaa usiku wa mwisho tu, kwa mwenye ndege ya alfajiri.

Tahadhari moja kuhusu stesheni kuu. Berlin, Hauptbahnhof ilifunguliwa 2006 na eneo lake limejengwa upya, halina shida. Frankfurt ni tofauti: mitaa inayotazamana na lango kuu la stesheni ni mahali panapojulikana kwa dawa za kulevya na biashara ya ngono, na vyumba vya bei ya kuvutia viko humohumo. Sogea vituo viwili au vitatu vya treni. Ukishuka usiku Brussels-Midi au Gare du Nord ya Paris, vivyo hivyo, usichague hoteli ya mtaa wa nyuma kwa sababu tu ni karibu.

Jumla, wala si bei ya usiku

Chukua hoteli mbili Berlin, mtu mmoja, kulala mara tatu. Ya kwanza iko mbali, euro 85, bila kifungua kinywa. Ya pili iko karibu na Hauptbahnhof, euro 105, kifungua kinywa ndani. Kwa macho, ya kwanza inaokoa euro 60.

Sasa jumlisha. Ya kwanza: chumba 255, kodi ya jiji kama 19, kifungua kinywa cha hotelini cha euro 15 mara tatu ni 45, na tiketi ya siku nzima, tuseme euro 11, mara tatu ni 33. Jumla 352. Ya pili: chumba 315, kodi kama 21 (sehemu ya kifungua kinywa haitozwi), na tiketi mbili tu kwa siku, tuseme euro 4 kila moja, ni 24. Jumla 360. Ile tofauti ya 60 imebaki 8. Kwa euro moja shilingi 3,000 ni shilingi 24,000, nawe umeokoa saa moja na nusu kila siku. Ukiwa mtu wa kununua mkate na kahawa duka la mkate, ya kwanza inashuka kwa euro 25 hivi, na hapo uamuzi ni wako. Tunachosisitiza ni kuandika mistari hii minne kabla ya kubonyeza.

Kodi ya jiji ndiyo inayowashitua wengi mapokezini, kwa kuwa mara nyingi haimo kwenye bei ya mwanzo. Berlin ni asilimia 7.5 ya bei ya chumba tangu Januari 2025, na anayekuja kikazi hasamehewi tena. Amsterdam ni asilimia 12.5. Roma hutoza kwa kichwa kwa usiku: euro 6 hoteli ya nyota tatu, 7.50 ya nyota nne, kwa hiyo wawili chumba kimoja mnalipa mara mbili. Soma maandishi madogo chini ya bei, yatasema kama kodi imo au italipwa hotelini.

Unapogeuza euro kuwa shilingi tumia bei ambayo benki yako inauzia, kisha ongeza asilimia tatu au nne kwa makato ya kadi. Bei inayoonekana ukitafuta kwenye simu hakuna benki itakayokupa.

Nyota

Kwa ufupi, zisikuumize kichwa. Ujerumani hoteli huomba nyota kwa hiari, hivyo hoteli isiyo na nyota inaweza kuwa bora kuliko jirani yake yenye tatu. Nchi kadhaa, zikiwemo Ujerumani, Austria, Uholanzi na Uswisi, zinatumia vigezo vya pamoja, wakati Ufaransa, Italia na Uhispania zina vyao. Nyota huhesabu vitu: lifti, saa za mapokezi, dawati, kikausha nywele. Hazipimi kelele wala usafi wa jana. Kwa safari fupi, hoteli za mtandao mkubwa kama ibis, Motel One, Premier Inn au Holiday Inn Express hazina mvuto wa kipekee ila hazina mshangao pia, na hiyo ni sifa. Holiday Inn Express huweka kifungua kinywa ndani ya bei, Motel One hukitoza pembeni. Hakikisha kabla ya kulinganisha.

Viza ndiyo inayoamua aina ya buking

Sehemu hii isomwe mara mbili. Maombi ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanataka uthibitisho wa malazi kwa kila usiku, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 kwa mtu mzima ambayo hairudi ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, si Mtwara.

Bei isiyofutika huwa nafuu kwa asilimia 10 hadi 20, na ndiyo mtego. Bima ile ni ya matibabu, haikurudishii pesa za hoteli. Usinunue bei isiyofutika kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Buku inayofutika bure, na tarehe ya mwisho ya kufuta iwe baada ya siku unayotegemea majibu. Viza ikitoka, tazama bei upya. Ikiwa imeshuka, chukua mpya kwanza ndipo ufute ya zamani, kisha usafiri na karatasi mpya, kwa sababu askari wa mpakani anaweza kukuuliza utalala wapi na akataka kuona.

Idadi ya siku za kulala ndiyo pia inayoamua ubalozi. Ukilala Amsterdam mara mbili na Berlin mara tatu, maombi yanakwenda Ujerumani. Siku zikilingana, yanakwenda nchi utakayoingilia kwanza. Mtu akibadilisha hoteli kiholela baada ya kujaza fomu, karatasi na fomu zinapingana, na hapo ndipo maswali huanza. Uingereza haimo Schengen, ina viza yake.

Majina kwenye buking yafanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Mkiwa wawili chumba kimoja, majina yote mawili yatokee kwenye karatasi, maana mtandao wa kubukia kwa kawaida huandika la aliyebuku peke yake. Waandikie hoteli waongeze jina la pili na wakutumie uthibitisho mpya.

Kadi

Kabla ya kubuku nenda tawini, Lindi au Mtwara, na uombe mambo matatu: kadi ifunguliwe kwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi, ukomo wa siku upandishwe, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa siri iwe ile utakayokuwa nayo safarini. Washa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kwenye laini hiyo. Watu hukwama hapo: kadi ina pesa, ujumbe hauji.

Hata ukichagua kulipa ukifika, hoteli inaweza kuijaribu kadi siku chache kabla. Ikikataa, mtandao hukuandikia uweke nyingine, mara nyingi ndani ya saa 24, la sivyo buking inafutwa. Soma barua pepe kila siku wiki ile. Mapokezini pia hushikilia dhamana, tuseme euro 50 au bei ya usiku mmoja. Kwa kadi ya benki ya kawaida pesa hiyo hutoka kwenye salio kweli, na inaweza kuchukua wiki mbili kurudi, kwa hiyo acha akiba. Kadi pepe ya kwenye simu inafaa kulipia mtandaoni, ila haifai mapokezini wanapotaka kuiona na kuichanja. Chukua kadi ya plastiki yenye jina lako.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Wakikugeuzia wao, bei ya kubadilisha huwa mbaya.

Na ukipata ujumbe, hata ndani ya mtandao uliobukia, kwamba “thibitisha kadi yako kwa kiungo hiki buking isifutwe,” usibonyeze. Ni wizi ulioenea. Piga simu hotelini kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao.

Chumba: mambo ambayo picha haisemi

Ukubwa. Berlin chumba cha kati ni mita za mraba 16 hadi 20, Paris 12 hadi 15. Chini ya 12 na masanduku mawili, mmoja atafungua sanduku kitandani.

Kitanda. Wawili wasio mume na mke waombe vitanda viwili vinavyotengana, na waandike ujumbe kabisa. Ujerumani kitanda cha wawili mara nyingi ni magodoro mawili ndani ya fremu moja, kila mtu na mfarishi wake, na hata chumba kinachouzwa kama cha vitanda viwili kinaweza kuwa na vitanda vilivyosukumwa pamoja. Kitanda kinachoitwa cha Kifaransa ni cha upana wa sentimita 140 hivi, wanaume wawili wazima hawalali humo kwa amani. Usitegemee kuongeza mtu wa tatu kimyakimya kama gesti za nyumbani. Idadi imewekwa kwa sheria za moto.

Joto. Hoteli nyingi za kati hazina kiyoyozi. Julai na Agosti hilo si jambo dogo, maana majengo yamejengwa kutunza joto na dirisha la barabarani halifunguki kwa kelele. Mtu wa Mtwara hudhani joto analijua, lakini hulijua likiwa na upepo wa bahari. Kipindi hicho weka kiyoyozi kwenye kichujio cha utafutaji. Wakati wa baridi kipasha joto kipo karibu kila mahali: kitasa chenye namba 1 hadi 5 kando ya bomba, 3 ni kama nyuzi 20. Ukikiweka 5 hakipashi haraka zaidi, kinaendelea tu mpaka chumba kiwe tanuri.

Choo. Bomba la maji la kujisafishia ni nadra Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi. Italia bafu huwa na beseni lake pembeni, na Ufini huwa na bomba dogo la mkono. Kwingineko beba chupa laini au kopo lako.

Kifungua kinywa. Nyama za soseji na za kukatwa aghalabu ni nguruwe, na zote zimekaa meza moja. Mayai, jibini, mikate, mtindi na matunda yapo, lakini kama ndiyo utakayokula tu, euro 18 ni nyingi. Jumapili maduka mengi Ujerumani yamefungwa, isipokuwa ya ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof na Friedrichstraße. Anayewasili Jumapili akumbuke hilo.

Lifti na birika. Majengo ya zamani, hasa Paris na Roma, huweza kuwa na ngazi ghorofa nne na lifti ya mtu mmoja na begi, au bila. Birika la umeme chumbani si kawaida nje ya Uingereza, na mnywa chai aulize. Soketi, nje ya Uingereza, ni za matundu mawili ya mviringo, umeme ni uleule wa volti 230, hivyo unahitaji adapta ya plagi tu, si mashine ya kubadili umeme.

Upande. Omba chumba kinachotazama uani. Berlin majengo mengi yana ua wa ndani, na tofauti ya kelele kati ya ua na barabara yenye tramu ni ya usiku mzima. Kuomba hakulipiwi.

Kusoma maoni ya wageni

Alama 8 kwenda juu kati ya 10, kutoka kwa wageni mia kadhaa, ni mwanzo mzuri. Kisha panga kwa tarehe na usome ya miezi mitatu ya karibuni tu, ukianza na mabaya. Lalamiko moja kuhusu mhudumu mkali lipite. Malalamiko matatu ya mwezi mmoja kuhusu jambo moja ni habari. Tafuta ndani ya maoni maneno yenye maana ya kunguni, ujenzi, lifti imeharibika, maji baridi. Kunguni akitajwa mara mbili ndani ya miezi sita, ondoka, kwa sababu utampakia na kumleta nyumbani. Tazama pia anayelalamika ni nani: familia yenye watoto husema chumba kidogo, mfanyakazi peke yake husema intaneti inakatika. Chukua maneno ya anayefanana nawe.

Kuwasili

Ndege nyingi za usiku kutoka Dar es Salaam zinakufikisha Ulaya alfajiri au asubuhi, na vyumba hutolewa saa 14:00 au 15:00, yaani saa nane au tisa mchana. Mizigo utaiacha mapokezini, kwa kawaida bure. Kama una kikao saa nne asubuhi hiyohiyo na lazima uoge, ama uliza gharama ya kuingia mapema, ama lipia usiku uliotangulia. Ukilipia usiku huo, waandikie kwamba utafika asubuhi ya siku inayofuata. Bila ujumbe huo watahesabu hukutokea, watakata pesa ya usiku wa kwanza na kuuza siku zilizobaki. Hoteli ndogo nyingine hazina mtu mapokezini usiku, hutuma namba ya mlango kwa simu. Hakikisha imefika kabla hujapanda ndege.

Ugonjwa huohuo wa kuhesabiwa hukutokea huwapata wanaochelewa njiani. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na mvua za Mei 2024 zilipokata barabara eneo la Somanga, safari nzima za kusini zilisimama. Wakati wa masika fika Dar siku mbili kabla, na uchague bei inayofutika hadi siku yenyewe ya kuwasili. Mwisho wa kufuta unapoandikwa 18:00, ni saa za kule: kwetu ni saa mbili usiku wakati wa baridi yao, saa moja usiku wakati wa kiangazi chao.

Ukipewa ufunguo, kabla ya kufungua sanduku, inua kona ya godoro utazame mishono, fungua maji ya moto kwa dakika moja, sikiliza ukutani, zima taa uone pazia linazuia mwanga kiasi gani, maana Juni Berlin hupambazuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Tatizo likiwapo, shuka mara hiyo uombe chumba kingine. Ukishalala humo, jibu litakuwa pole.

Anayesafiri kwa pesa za ofisi awape mapokezi jina na anwani ya mwajiri siku anayoingia, si asubuhi ya kuondoka huku teksi inasubiri. Ankara iliyotoka kwa jina binafsi huwa tabu kuigeuza, na mhasibu wa halmashauri hatakubali picha ya simu ya buking kuwa risiti ya kurejesha masurufu. Kodi ya jiji ionekane kwenye ankara kama mstari wake peke yake.